Alama ya sawa: moja au mbili?

SWALI: Najifunza lugha ya C. Katika programu yangu ya duka niliandika `if (deni = 0)` ichapishe "Hadaiwi", vinginevyo itaje kiasi anachodaiwa mteja. Mwenye deni la 5000 akaandikiwa kwamba anadaiwa 0, na kompaila haikulalamika hata kidogo. Rafiki kaniambia niweke alama mbili, `==`, na kweli imekaa sawa. Nani alileta utaratibu huu?

JIBU: Ulichoandika hakikuwa swali, kilikuwa amri: tia 0 ndani ya `deni`. Kwenye C amri ya kutia nayo ina thamani, ile ile iliyotiwa, na 0 huhesabiwa kuwa si kweli. Kwa hiyo programu iliruka hadi kwenye "vinginevyo", ikachapisha deni ambalo ilikuwa imelifuta sekunde hiyo hiyo. Ungeandika `deni = 1`, wateja wote wangekuwa hawadaiwi. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako uwe lugha ya mashine, ilinyamaza kwa sababu kisarufi sentensi yako haina kosa.

Alama yenyewe ni ya Robert Recorde wa Wales, aliyeichapisha mwaka 1557 kuonyesha kwamba pande mbili zinalingana. Fortran, lugha ya programu ya John Backus na wenzake wa IBM iliyotoka 1957, iliichukua kwa kazi ya kutia. `N = N + 1` ni kitu ambacho mwalimu wa hesabu angekipiga mkasi, lakini huko hakikumkanganya mtu, maana Fortran ile ya kwanza haikuwa na alama yoyote ya kulinganisha. Uliandika `IF (A-B) 10, 20, 30`: toa B kwenye A, jibu likiwa hasi nenda mstari wenye namba 10, likiwa sifuri nenda 20, likiwa chanya nenda 30.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliokutana Zürich mwaka 1958 kuandaa lugha ya ALGOL walizitenga kazi hizo mbili: `:=` ni kutia, `=` ni kulinganisha. Martin Richards akafuata njia hiyo kwenye lugha ya BCPL (1967), na Niklaus Wirth kwenye Pascal (1970). Aliyeigeuza ni Ken Thompson wa Bell Labs, alipoikamua BCPL ikawa lugha ya B, ipate kuenea kwenye kompyuta ya PDP-7 yenye kumbukumbu finyu. Hoja yake: katika programu za kawaida kutia hutokea kama mara mbili ya kulinganisha, basi alama yake iwe nusu ya urefu. Dennis Ritchie alipoikuza B ikawa C aliirithi hivyo hivyo, na baadaye akaandika kwamba lilikuwa suala la ladha tu. Kwa maoni yetu, herufi moja iliyookolewa imegharimu saa nyingi mno za kusaka makosa.

Si makosa ya wanafunzi peke yao, pia. Novemba 2003 mtu alipenyeza kwenye nakala moja ya msimbo wa mfumo endeshi wa Linux sharti lenye kipande hiki: `(current->uid = 0)`. Kwa haraka unasoma "je, mtumiaji ni namba 0?", kumbe anayeita kazi (function) yenye sharti hilo kwa vigezo maalumu anafanywa namba 0, mwenye mamlaka yote. Liligunduliwa kwa kuwa nakala hiyo haikulingana na hazina kuu.

Ufanyeje? Kompaili kwa `gcc -Wall` (gcc ni kompaila, na `-Wall` huiambia itoe maonyo). Utapata onyo kwenye mstari ule. Usilizime kwa kuongeza jozi nyingine ya mabano, kwani mabano ya ziada humwambia gcc kwamba umekusudia, na angalia mabano ya yule wa Linux. Wengine hugeuza: `0 == deni`. Ukisahau alama moja inabaki `0 = deni`, na kompaila inakataa papo hapo. Dawa hiyo haisaidii ukilinganisha vigeu viwili, mfano `deni` na `malipo`. Python huikataa `=` ndani ya sharti; toleo la 3.8 (2019) lilipotaka kuiruhusu, likairudisha `:=`.

SWALI: Na zile alama tatu, `===`, za lugha ya JavaScript?

JIBU: Brendan Eich aliitengeneza JavaScript akiwa kampuni ya Netscape mwaka 1995, kwa siku kama kumi. `==` yake hubadilisha aina za data kabla ya kulinganisha: `0 == ""` ni kweli, `0 == "0"` ni kweli, lakini `"" == "0"` si kweli. `===`, iliyoingia kwenye kiwango rasmi mwaka 1999, haibadilishi kitu. Tumia hiyo siku zote, isipokuwa `x == null`, ambayo hunasa `null` na `undefined`, thamani mbili za "hakuna kitu", kwa pamoja.