Kwa afisa mpya wa vibali vya ujenzi: hoja zako zote zitoe siku moja

Mdogo wangu uliyepangiwa idara ya mipango miji mwaka huu, karibu. Utakabidhiwa kiti, mhuri na rundo la mafaili, na kabla wiki haijaisha utakuwa umeshaambiwa na wananchi kwamba ofisi yenu inachelewesha vibali. Wenzako watakujibu kwamba watumishi ni wachache. Ni kweli ni wachache, na hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka siku nilipoamua kufuatilia faili moja kwa macho yangu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili katika halmashauri moja ya Dar es Salaam. Nilinunua kaunta buku, nikachagua ombi la kawaida kabisa: nyumba ya chini, vyumba vitatu, kiwanja kilichopimwa, hati ipo. Kila faili lile lilipoingia mezani kwa mtu niliandika tarehe, na lilipotoka niliandika tarehe. Masjala, mpima, mipango miji, afya, mhandisi wa majengo, kisha likangoja kikao cha kupitisha vibali. Lilizunguka siku 58. Halafu nikawauliza wakaguzi, mmoja mmoja, walikaa nalo kwa muda gani hasa. Mpima alisema nusu saa. Wa afya dakika ishirini. Mhandisi alisema saa moja, kwa kuwa si ghorofa. Nilipojumlisha kazi yote, pamoja na yangu, haikufika saa nne. Siku zilizobaki faili lilikuwa limelala chini ya mafaili mengine, na kwa wiki moja nzima lilikuwa limefungiwa ndani ya droo ya mtu aliyekwenda semina Dodoma.

Fanya zoezi hilo mwezi wako wa kwanza, kabla hujamwomba mkuu wa idara mtumishi wa ziada. Utajua kazi inakwama wapi, na hakuna atakayeweza kukubishia kwa sababu tarehe unazo.

Lakini kilichoniuma zaidi kuliko mafaili kulala ni hoja za kudonoadonoa, yaani kumtajia mwombaji makosa ya michoro yake moja moja. Mzee mmoja mstaafu alileta michoro ya nyumba yake. Afisa afya akairudisha: shimo la maji taka limekaa karibu mno na mpaka wa jirani. Mzee akarudi kwa mchoraji, akalipa, akachapisha seti zote upya. Michoro ikarudishwa tena, na safari hii ni sisi wa mipango miji: nafasi iliyoachwa mbele, upande wa barabara, haitoshi. Akalipa tena. Mara ya tatu mhandisi akasema mchoro wa paa haujakamilika.

Siku hiyo alikuja mezani kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaikunjua michoro na kuibana na miwani yake ili isijikunje. Akaweka kidole kwenye karatasi ya tatu. "Mwanangu, hili paa siku ile ya kwanza hamkuliona?" Paa lilikuwa pale pale tangu mwanzo. Hatukulitazama kwa sababu mkaguzi wa kwanza alipoona kosa lililomhusu alilifunga faili na kulirudisha, na aliyefuata akafanya vivyo hivyo. Sikuwa na la kumjibu. Wiki chache baadaye nilipita mtaani kwake, nikakuta msingi umeshamwagwa zege na mkaguzi ameshapiga X nyekundu kwenye tofali.

Simtetei mtu anayejenga bila kibali. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 iko wazi, na utaisimamia. Ila ujue kwamba mzee yule alikuja kwetu kwanza, kwa hiari yake, na fedha yake mkononi. Sisi ndio tulimchosha.

Baada ya hapo tulikubaliana jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko mengine yote niliyoyafanya ofisini. Mkaguzi akikuta kosa haruhusiwi kulirudisha faili. Anaandika hoja yake, analipitisha, na wengine wote wanakagua mpaka mwisho. Siku mbili kwa wiki tulikaa meza moja, mpima, afya, mhandisi na sisi, michoro ikiwa katikati, na mwombaji akapata barua moja yenye hoja zote. Michoro ikirudi, tunaangalia yale tuliyoyaomba tu. Hoja mpya hairuhusiwi, isipokuwa mwombaji amebadilisha kitu kingine au kuna jambo linalogusa usalama wa watu. Wenzangu wengine walilalamika kwamba barua ndefu inatisha. Inatisha, ndiyo, lakini mtu anatishika mara moja tu, anakwenda kwa mchoraji mara moja, analipa mara moja.

Na hoja yenyewe iandike vizuri. "Rekebisha michoro" si hoja. Taja karatasi ya ngapi, taja kosa liko wapi, taja kanuni inayovunjwa, kisha sema nini kitakuridhisha. Mchoraji akisoma barua yako ajue pa kushika kalamu bila kukupigia simu.

Siku hizi maombi yanapita katika TAUSI, mfumo wa kompyuta wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na namshukuru Mungu kwamba mafaili hayapotei tena masjala kama zamani. Usidhani kwamba kompyuta imemaliza shida. Kama wakaguzi wanasubiriana kwa foleni, watasubiriana kwenye skrini pia. Kila mwenye nafasi ya kukagua awe na kaimu anayejulikana kwa jina, hata akiwa likizo ya siku tatu.

Jambo jingine ambalo chuoni hawakukazia vya kutosha: maombi hayafanani, kwa hiyo usiyapange mstari mmoja. Nyumba ya chini kwenye kiwanja kilichopimwa, isiyobadili matumizi ya ardhi, ipewe njia yake fupi. Saa utakazookoa zipeleke kwenye maghorofa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka, na watu zaidi ya 30 walifariki. Novemba 16, 2024 tukashuhudia tena ghorofa likianguka Kariakoo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kuharakisha vibali ni kulegeza ukaguzi, mwonyeshe mhandisi wako wa majengo akitumia asubuhi nzima kuangalia nyumba za chini za vyumba vitatu, huku mahesabu ya nguzo za ghorofa yanamsubiri saa tisa alasiri akiwa amechoka. Ghorofa linahitaji matokeo ya uchunguzi wa udongo, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa, zimamoto, na mkaguzi wa kwenda kuona chuma kabla zege haijamwagwa. Huko ndiko polepole inakofaa.

Kingine ni kuonana na watu kabla hawajachora. Sisi tulitenga Ijumaa asubuhi. Mtu anakuja na nakala ya hati yake na mchoro wa penseli, hata wa kwenye karatasi ya daftari, tunakaa naye dakika kumi na tano. Mama mmoja alikuja hivyo akiwa bado hajalipia kiwanja, dalali amemwonyesha eneo zuri karibu na mto Msimbazi. Tulifungua ramani tukapima pale pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kiwanja chote kilikuwa ndani yake. Alinyamaza kidogo, akakunja karatasi zake, akasema fedha yake bado ipo benki. Yule hakuwahi kuwa na faili kwetu, na sijui kama kuna faili lolote nililolifurahia zaidi.

Ijumaa hizo ndipo pia pa kuuliza kama nyumba itakuwa na fremu za maduka. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yana mchakato wake, pamoja na majirani kutangaziwa na kupewa muda wa kupinga. Ukiligundua mwezi wa pili wa ombi, umeshamcheleweshea mtu nyumba yake.

Kuhusu vishoka, wale madalali wa vibali wanaozunguka getini, utaambiwa uwafukuze. Wafukuze, lakini kesho watarudi, maana wanachouza ni habari ya faili liko wapi. Waombaji wapewe habari hiyo bure, kila wiki, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, uone kama kuna atakayekwenda kumlipa mtu getini.

Jumatatu ukiingia ofisini, usianze na faili lililo juu ya rundo. Tafuta lile la zamani kuliko yote, soma tarehe ya kupokelewa, halafu mpigie simu mwenye faili hilo umweleze lilipo na linasubiri nini.