Flashi ina nafasi ila inagoma video

Flashi nzima hiyo kaka, usiitupe. Ya GB 32 tupu kugoma kupokea video ya harusi ya GB 6 ni kwa sababu imefomatiwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili ndani ya flashi), na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe kibao. Nina steshenari hapa Mtwara, wateja mpaka wa kutoka Newala wananiletea kesi hiyohiyo wakidhani wameuziwa feki. Kama ina vitu vyako vihamishe kwanza maana kufomati kunafuta kila kitu (kuna mama alipoteza picha za mwanae hivihivi), halafu raiti-kliki flashi kwenye kompyuta, ingia Format, pale kwenye File system chagua exFAT (mfumo mpya zaidi, huo unabeba mafaili makubwa), bonyeza Start, dakika haiishi.

Ila angalia utaichomeka wapi, sabufa na redio za gari nyingi na tivii za zamani zinasoma FAT32 tu, ukiweka exFAT zinakaa kimya kama hujachomeka kitu. Kama flashi ni ya singeli kwenye sabufa basi iache hivyohivyo, mwambie tu mpiga video akukatie harusi vipande viwili.