Magma ya chini ya Rungwe na kasi ya joto

Mkuu, unasema magma (mwamba ulioyeyuka) iliyo chini ya Rungwe, kule Mbeya, itakuwa imeshapoa. Hapana, miaka 200 na ushee tangu mlima Kyejo wa huko huko Rungwe umwage lava haitoshi kupoza magma kubwa iliyo chini. Mwamba mkavu hupitisha joto taratibu mno. Mwaka wa kwanza joto linasogea kama mita 5 au 6 tu, na ili lifike mara 10 ya hapo inabidi usubiri miaka 100, siyo 10, maana muda unaongezeka kwa mraba wa umbali. Magma yenye unene wa kilomita moja huhitaji makumi ya maelfu ya miaka. Hesabu hii naifanya na wanafunzi wangu hapa Tukuyu.

Maji ndiyo yanayoharakisha mambo: mvua inazama kwenye nyufa za Bonde la Ufa, inapata moto huko chini, inapanda na joto lake. Kwenye chemchemi za moto za Songwe maji yanatoka yakiwa nyuzi 80 hivi, na ukingoni yameacha matabaka ya chokaa.

Ila si kila chemchemi ya moto ina magma chini yake. Maji yakizama kina kirefu, joto la kawaida la ardhi pia huyapasha.