Mtoto kukutwa na risasi kwenye damu: usisaini karatasi ya mwenye nyumba

Mama Neema, pole sana. Umeuliza hivi: mtoto wa miaka miwili amepimwa damu, kiwango cha risasi kikawa 14, mwenye nyumba anakupa dola 2,000 usaini karatasi na uhame kabla mwezi haujaisha, je, uchukue au utafute wakili? Usisaini. Hata ikiletwa imeandikwa Kiswahili, usisaini. Mimi si mwanasheria, ila nimepitia hayo hayo Buffalo, jimbo la New York. Kama uko jimbo lingine, uliza sheria za huko.

Sisi tulitoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, tukapangishiwa nyumba ya mbao ya zamani kuliko babu yangu. Rangi ilikuwa inabanduka madirishani, lakini aliyelala miaka kumi na tano kwenye kibanda cha tope hashtushwi na rangi. Siku moja kliniki wakapiga simu, mkalimani akiwa kwenye laini: "Mtoto wenu ana risasi kwenye damu." Mke wangu akapiga ukunga. Sisi ni watu wa Kivu Kusini, Kongo, risasi tunaijua moja tu, ya bunduki. Tukamvua mtoto nguo tukimkagua mgongo na tumbo, hadi mkalimani alipofafanua kwamba ni madini, yale waliosoma Kifaransa wanaita plomb.

Alikuwa na 19. Hizo ni mikrogramu kwa kila desilita ya damu, na tangu 2021 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wameweka 3.5 kuwa kiwango cha kuanza kuchukua hatua, kwa hiyo 14 yako usiidharau. Rangi ya risasi ilipigwa marufuku kwenye makazi ya Marekani mwaka 1978, ila nyumba nyingi za Buffalo ni za zamani zaidi na rangi ile bado imo chini ya mpya. Dirisha likipanda na kushuka, linasagika na kutoa vumbi. Mwanangu hakula rangi. Alitambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni kama watoto wote.

Sasa kesi yetu ya kudai fidia. Wakili wa mwenye nyumba alisema mtoto alikuja nayo kutoka Afrika. Kilichotuokoa ni karatasi. Watoto wa wakimbizi hutakiwa kupimwa ndani ya siku 90 tangu wafike, na wale wadogo warudiwe miezi mitatu hadi sita baadaye. Kipimo cha kwanza kilisoma 2, cha pili 19, na katikati hapo mtoto alikuwa ameishi nyumba moja tu. Mke wangu alikuwa ameitunza ile ya kwanza kwenye mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha, mimi nilishataka kuutupa. Yako kama imepotea, kliniki iliyowapima mlipofika watakupa nakala.

La pili ni kuonyesha kwamba mwenye nyumba alijua. Kwenye kesi ya Chapman dhidi ya Silber, ya 2001, mahakama ya juu ya New York ilitaja mambo ya kuangaliwa: ana haki ya kuingia na wajibu wa kukarabati, alijua nyumba ni ya kabla ya marufuku, alijua rangi inabanduka, alijua hatari yake kwa watoto, na alijua kuna mtoto mdogo ndani. Mimi nilikuwa nimemtumia picha ya dirisha WhatsApp, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akanijibu kwa dole gumba. Kumbe lile dole ndilo ushahidi wenyewe! Usifute meseji hata moja.

Kuhusu kuhama: ukilalamika kwa nia njema kwa idara ya afya, naye akataka kukutoa ndani ya mwaka mmoja, mahakama za New York huchukulia kwamba analipiza kisasi mpaka athibitishe vingine. Idara ya afya ya kaunti huja kukagua nyumba kipimo cha mtoto kikifika 5 na kuendelea. Waje kabla mwenye nyumba hajapaka rangi juu. Wetu alimtuma mpwa wake apige msasa mkavu, nyumba nzima ikajaa vumbi.

Mawakili ni wa aina mbili, na hapa ndipo nilipopoteza miezi. Ofisi za msaada wa kisheria za bure hukusaidia usifukuzwe, lakini kesi za fidia kwa kawaida hawachukui. Za fidia ni mawakili wa madhara ya mwili, ambao hulipwa mkishinda, mara nyingi theluthi ya fidia. Wawili walinikataa kwa sababu bima ya mwenye nyumba haikugusa risasi. Wa tatu alichukua. Dai mkalimani wa kwako, asiwe mtoto wa jirani.

Muda unao: kwa uzembe wa kawaida, mtoto New York ana hadi afikishe umri wa miaka 21 kufungua kesi. Ila kama nyumba ni ya mamlaka ya umma, taarifa ya madai hutakiwa ndani ya siku 90, kwa hiyo angalia hilo leo. Fedha za mtoto lazima hakimu azikubali, nasi zetu zimefungiwa benki mpaka afike 18. Sikuona hata senti, na sawa tu.

Wakati huo huo omba mtoto apimwe maendeleo yake. Chini ya miaka mitatu ni bure, na si lazima kusubiri kesi. Wangu alichelewa kusema, mtaalamu alikuja nyumbani mara mbili kwa wiki.

Niandikie inboksi tarehe mliyofika na tarehe ya kila kipimo. Majina usiweke hapa.