Sahihi ni yako, mwanangu

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 36, sijaolewa, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nimedunduliza miaka sita kwenye kikoba hadi nimepata kiwanja nje kidogo ya mji. Tulipokwenda kuandikishana, mwenyekiti wa mtaa alisoma karatasi, akaniuliza, "Mwanaume wa kukusimamia yuko wapi?" Nikamwambia sina. Akasema nimlete hata mdogo wangu aandikwe mnunuzi, mimi niwe shahidi. Mdogo wangu ana miaka 22, na ada yake nimelipa mimi kwa dagaa hao hao. Nifanyeje?
– Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye neno "shahidi". Shahidi ni mtu aliyeona tu, mwenye mali ni mnunuzi. Mdogo wako ni mtoto mzuri, sina shaka. Lakini akikopa, akioa, au Mungu apishe mbali akifariki, karatasi itasema kiwanja ni chake, na warithi wake watakigawana. Nimekuwa karani wa mahakama hapa Mwanza miaka mingi. Nimewaona akina mama wakifungua karatasi iliyokunjwa mara nne hadi imelainika kama kitambaa, jina lao liko chini kabisa, kwenye mashahidi. Pesa walitoa wao. Ile karatasi inauma kuisoma.

Sasa sheria. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba kinataka mtu awe ametimiza umri, awe na akili timamu, na asiwe amezuiwa na sheria nyingine. Basi. Umri wenyewe ni miaka 18, na wewe umeupita miaka 18 mingine juu yake. Hakuna palipoandikwa mume, kaka wala msimamizi. Hata ukiolewa kesho hupungukiwi kitu: kifungu cha 56 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mke haki sawa na mwanaume ya kupata mali, kuimiliki, kuiuza, kufunga mkataba, kushtaki na kushtakiwa.

Na usidhani ni mambo ya vitabuni. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kesi ya Bi Holaria Pastory, Mhaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Akashtakiwa kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Jaji akasema ubaguzi huo unapingana na Katiba, na mauzo yakasimama. Ikiwa hata shamba la ukoo lilisimama, sembuse kiwanja ulichonunua kwa jasho lako!

Rudi na kitambulisho chako cha taifa, jina kwenye mkataba lifanane nalo herufi kwa herufi. Mdogo wako akitaka aje, asaini yeye kwenye mstari wa shahidi. Muuzaji naye umwangalie: kama familia yake inaishi hapo, mke wake aridhie kwa maandishi. Mwenyekiti akikataa tena, mwombe kwa heshima aandike sababu na kugonga muhuri, kisha ichukue karatasi hiyo kwa msaidizi wa kisheria. Kazi yao inatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na hawatozi pesa.