Picha moja, orijino mia: inawezekanaje?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Kuna mnada wa mtandaoni nimekuta picha ya yule mpiga piano Franz Liszt, wameandika "litografia orijino, Kriehuber, 1846", kucheki nakuta ile ile ipo makumbusho. Sasa orijino ni ipi hapo, au ndo tunapigwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, zote mbili zinaweza kuwa orijino kabisa, na utamu wa litografia, yani kuchapa picha kutoka kwenye jiwe, uko hapo hapo. Aliyeianzisha ni Alois Senefelder kule Bavaria, Ujerumani, 1796 hivi, alikuwa mtunzi wa tamthilia anatafuta njia ya bei nafuu ya kuchapa kazi zake. Unachukua jiwe la chokaa limesuguliwa vizuri, unachora kwa kreyoni ya mafuta, unapaka gundi ya mgunga yenye asidi kidogo, alafu unalowesha maji na kupitisha rola ya wino. Maji na mafuta hayapatani, kwahiyo wino unashika penye mchoro tu, unalaza karatasi, unagandamiza, imetoka, unaanza tena nyingine, na kila moja ni orijino.

Kabla ya hapo, kwenye bamba la shaba, mara nyingi mmoja anachora na fundi mwingine anakaa kuchonga wiki na wiki, yani unanunua mkono wa fundi. Kwenye jiwe Josef Kriehuber, msanii wa hiyo picha yako ya Liszt, anachora mwenyewe (na picha inatoka imegeuka kushoto kulia, hata saini lazima aiandike kinyume!). Pale Vienna alitoa sura za watu karibu 3,000.

Ila inayonigusa mimi ni ya Boston, 1870. Mchapaji Louis Prang alichapa kwa rangi sura ya Hiram Revels, mtu mweusi wa kwanza kuwa seneta Marekani, kutoka mchoro wa Theodore Kaufmann. Wakusanyaji watasema hiyo ni kopi ya mchoro, sawa, lakini Frederick Douglass, mwanaharakati mweusi aliyepigania kukomeshwa utumwa, alimwandikia Prang kwa furaha kubwa, mana watu weusi walishazoea kuchorwa kama nyani, na sasa wangeweza kutundika sebuleni sura ya mwenzao yenye heshima yake. Kwangu hiyo inazidi orijino nyingi tu.

Kuhusu mnada, mwombe muuzaji picha ya karibu sana ya shavu la Liszt. Ukiona vidoti vimejipanga kwa mistari hiyo ni ya mashine za juzi juzi, ukiona chembechembe zisizo na mpangilio, kama kreyoni kwenye karatasi yenye mikwaruzo, hiyo ni dalili nzuri ya jiwe. Akigoma kutuma, achana nae.