Shali ya lesi kwa nyuzi mbili: ushauri kwa anayeanza

Shali nyingi za nyuzi mbili, yaani nyuzi mbili zinazoshikwa na kufumwa pamoja kama uzi mmoja, huharibikia kwenye uchaguzi wa uzi, kabla sindano haijashikwa. Lesi ni matundu, na uzi wowote unaoyaziba unaficha kazi yako. Moheri, uzi wenye manyoya marefu wa mbuzi wa Angora, hupendwa kwa wepesi na joto lake, na mara nyingi huwa na hariri katikati ili usikatike. Uoanishe na sufu laini isiyo na manyoya. Moheri mbili pamoja simshauri anayeanza: matundu hufifia, na kufumua ni mateso kwa sababu manyoya hung'ang'aniana. Wafumaji wa Orenburg, Urusi, kwa desturi husokota manyoya laini ya mbuzi pamoja na uzi wa hariri. Mmoja huleta joto, mwingine nguvu. Nawe tafuta jozi ya namna hiyo, ambayo kila uzi una kazi yake.

Rangi zikaribiane. Nyeusi na nyeupe pamoja hutoa madoadoa yanayovuruga macho, na michoro ya majani uliyoifuma kwa taabu haionekani tena.

Ukinunua, hesabu mita, usihesabu gramu. Moheri nyembamba ya gramu 25 kwa kawaida huwa na mita 200 hivi, na sufu nyembamba ya gramu 100 huwa na mita 400 hivi. Kwa hiyo sufu ya gramu 100 inahitaji madonge mawili ya moheri, yaani gramu 50 tu.

Sasa sampuli, yaani kipande kidogo cha majaribio, na hapa nakusihi usiwe na haraka. Nyuzi mbili nyembamba pamoja hufanya uzi mnene zaidi, kwa hiyo sindano nayo inapanda: anza na milimita 4.5 au 5. Fuma michoro yenyewe ya shali, irudie angalau mara mbili kwa upana na kwa urefu. Kisha loweka kipande hicho, kibane kwa pini kikiwa kimevutwa, kikauke kabisa, ndipo ukihukumu. Lesi iliyotoka sindanoni huwa imejikunja na haipendezi. Usibadilishe sindano kwa kuitazama katika hali hiyo.

Wakati wa kufuma, acha kila donge kwenye chombo chake. Usizizungushe nyuzi hizo mbili ziwe donge moja, kwani mmoja huvutika kuliko mwenzake, na huo uliolegea utakuja kujikunja vitanzi katikati ya safu. Tumia sindano yenye ncha kali. Kosa linalojirudia zaidi ni kushika uzi mmoja wa mshono na kuuacha wa pili; au kinyume chake, kuuona mshono wenye nyuzi mbili na kuuhesabu kuwa ni mishono miwili. Unapofuma mishono miwili pamoja ili kupunguza, ncha ipite chini ya nyuzi nne. Hesabu mishono mwisho wa kila safu isiyo na michoro. Inachosha, najua, lakini kosa la safu moja nyuma hurekebishika, la safu kumi nyuma linaumiza.

Kwa sababu hiyohiyo, kila ukimaliza mrudio mmoja wa michoro, pitisha uzi wa pamba, mwembamba na wa rangi tofauti, ndani ya mishono yote iliyo sindanoni, ila usiupitishe kwenye pete za alama (vipete vinavyowekwa sindanoni kutenga mishono). Ukilazimika kufumua, utaishia hapo bila kupoteza mshono.

Madonge hayataisha pamoja, na hiyo ni heri yako. Usiunganishe nyuzi zote mbili mahali pamoja, fundo litaonekana. Acha sentimita 10 au zaidi kati ya kiungo na kiungo.

Safu ya mwisho, ya kufungia mishono, ifumwe kwa ulegevu, ikibidi kwa sindano kubwa zaidi. Ukingo uliokaza hauvutiki hata ukilowekwa usiku kucha.

Mwisho loweka shali katika maji ya baridi bila kuisugua, kwa kuwa sufu ikisuguliwa hugandamana. Ikamue ndani ya taulo, itandaze, ibane kwa pini kuanzia katikati kwenda pembeni. Mikia ya nyuzi ifiche mapema lakini usiikate hadi shali ikauke: ikivutwa, mkia mfupi huchomoka.